Siku Mnara wa Bondeni Uliponyamaza

Tlawi, Jumapili jioni

Paskalina mwanangu,

Mama yako yuko chumbani anafungua begi lako kwa mara ya tatu. Anatoa shuka, anaitazama, anairudisha. Mimi nimekuja huku stoo ya vitunguu saumu nikasema natafuta kamba ya kufungia boksi. Kamba nilishaipata. Nimekaa juu ya gunia nakuandikia.

Sitakuambia habari za kula, wala za chumba cha kupanga, wala za watu wa kujihadhari nao huko Dodoma. Mama yako na shangazi zako wamezimaliza zote tangu Alhamisi. Mimi nina jambo moja. Nimekaa nalo miaka saba, na nilikusudia kukuambia kwa mdomo. Jana tulipokwenda pamoja kuangalia ng'ombe nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza nikaishia kukuuliza kama umechaji simu. Mara ya pili nikasema mwaka huu mvua itachelewa, na wewe ukanijibu vizuri tu, ukadhani tunaongea habari za mvua.

Siku ile uliponionyesha barua ya kazi ulisema, "Baba, nitakuwa naangalia minara yote ya huku kwetu, hata ile yako ya zamani." Ukanitazama, ukingoja nifurahi. Nilifurahi, mwanangu. Lakini nilitoka nje, na mama yako akakuambia ni moshi umeniingia machoni. Umewaambia watu wengi kwamba ulisomea kazi hii kwa sababu yangu. Ulimwambia hata paroko mbele yangu, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Basi ni haki yako kumjua huyo mtu unayemsifu.

Unajua kwamba niliacha kazi ya minara. Ulichoambiwa ni kwamba kampuni ilipunguza watu. Aliyekuambia hivyo ni mimi, na si kweli.

Wakati ule nilikuwa na minara tisa. Mingine ilikuwa huku juu, mingine upande wa Hanang mpaka Balangdalalu, na mmoja ulikuwa chini kabisa, bonde la Yaeda Chini. Huo ndio uliokuwa mgumu. Ulisimama kwenye kilima cha mawe ng'ambo ya korongo, na barabara yake unaikumbuka, nilikupeleka mara moja ukatapika. Umeme wa nguzo haukufika kule. Kulikuwa na sola, betri, na jenereta ya kusaidia wakati wa mawingu. Na ndani ya kontena, ukutani, kulikuwa na kisanduku kidogo cha kijivu ambacho kazi yake ilikuwa kutazama. Kilipima betri zina nguvu kiasi gani, mafuta yamebaki kiasi gani, mlango umefunguliwa au umefungwa, kisha kikapeleka habari kwenye chumba cha uangalizi, hicho hicho unachokwenda kukaa wewe. Mnara ukiwa mzima, habari zilipita kwenye njia ya mnara wenyewe. Mnara ukifa, kisanduku kilikuwa na betri yake ndogo na laini yake ya akiba ya mtandao mwingine, pamoja na antena iliyoelekezwa huku juu milimani kuvuta mawasiliano ya mbali. Ilikuwa akili nzuri. Aliyeibuni alijua kwamba mnara unaokufa hauwezi kujitangazia kifo.

Mlinzi wa mnara ule alikuwa mzee Gidamis. Wewe ulimwona siku ile ulipotapika. Ndiye aliyekuletea maji kwenye kibuyu. Alikuwa mfugaji wa kule kule bondeni, Mdatoga, mrefu, amenizidi miaka kama kumi na mitano. Kila nilipofika nilimwamkia kwanza kabla sijazima hata gari. "Shikamoo mzee." "Marahaba fundi. Huko juu wazima?" Kiswahili chake kilikuwa kifupi lakini hakikuwa na neno la bure. Hakwenda shule, na katika minara yote tisa sikuwa na mlinzi aliyeijua mashine kama yeye. Alisikiliza jenereta kama anavyosikiliza ng'ombe mgonjwa. Alikuwa akiniambia, "Leo inakohoa," nami nikifungua nakuta chujio limeziba kweli.

Yeye ndiye aliyeniambia habari za antena. Ng'ombe walikuwa wanakuja kujikuna kwenye waya unaoshikilia mlingoti wake, na mlingoti ukainama.

"Fundi, ile fimbo yako imelala," alisema. "Nimeweka mawe, lakini haisimami."

Nikamwambia nitakuja na mlingoti mrefu zaidi na waya mpya. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Mlingoti wenyewe ulikuwa hapa nyumbani, umeegemea ukuta wa zizi. Nilipita karibu nao kila siku.

Kwa sababu ya antena kuinama, laini ya akiba ikawa inapotea na kurudi, inapotea na kurudi. Kila ilipopotea, kengele ililia kwenye chumba cha uangalizi, na kila ilipolia, walinipigia. Nilikuwa napigiwa nikiwa kwenye mnara mwingine, nikiwa shambani, nikiwa mezani. "Fundi, Yaeda Chini laini ya akiba imepotea." Mara nyingi nilijibu kwamba naijua, ni upepo. Kwenye daftari la kituo nikaandika, "Laini ya akiba: nzima." Niliandika hivyo mara tatu, miezi mitatu mfululizo, kwa mkono huu.

Sasa sikiliza vizuri sehemu hii, kwa sababu inakutaja, na sitaki uisome vibaya.

Siku ya kipaimara chako nilikuwa zamu. Sikuomba ruhusa. Niliona aibu kuomba, kwa kuwa wiki mbili kabla nilikuwa nimeomba ya msiba. Kanisani, watoto mmeshapangwa mbele ya askofu, simu ikatetemeka mfukoni. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya choo cha parokia. Aliyepiga alikuwa dada mmoja wa chumba cha uangalizi, jina lake Rehema. Sikuwahi kumwona kwa macho, lakini tuliongea karibu kila siku. Alikuwa na sauti ya taratibu, na kila nilichomwambia nilisikia anakiandika, tak tak tak.

"Fundi, Yaeda Chini tena."

"Niko hapa hapa kituoni, dada," nikasema. "Nafanya kazi ya betri. Hebu iweke kwenye matengenezo, isiwasumbue."

"Yote au laini ya akiba tu?"

"Yote. Nikimaliza nitakuambia."

Akaniamini. Ukiweka kituo kwenye matengenezo, utafundishwa hili wiki yako ya kwanza, kila kinachotoka kule kinaingia kwa rangi ya kijivu bila mlio. Habari zinafika, lakini hakuna anayeshtuka. Nikarudi ndani ya kanisa, nikakuta umeshapakwa mafuta. Kwenye picha ile ya sebuleni mimi sipo, na siku zote umeamini nilikuwa nimekwenda kumsaidia babu yako kukaa.

Usije ukasema ni kwa sababu ya kipaimara chako. Ningeweza kusema, "Dada, leo mwanangu anapata kipaimara, mpigie mwenzangu wa Hanang." Angeelewa. Mtu yeyote angeelewa. Niliona uongo ni mwepesi kuliko kuomba.

Na usidhani nilisahau. Hapo ndipo kosa langu lilipo. Siku ya tatu nilikumbuka kwamba sijamwambia Rehema aondoe. Nilikuwa nimekaa nje na chai, simu imelala juu ya kiti, kimya. Nikaona utulivu ule ni mtamu. Nikasema nitakapopeleka mlingoti ndipo nitamwambia aondoe, mambo yawe safi kwa pamoja. Wiki zikapita, ikaja mvua.

Mvua ya mwaka ule ilianza na mawingu mazito siku nyingi bila jua. Sola ikawa haizalishi chochote. Jenereta ilikuwa inawaka kama kawaida, lakini kifaa kinachochukua umeme wake na kuujaza kwenye betri kilikuwa kimeungua. Kwa hiyo mashine ilinguruma na kula mafuta, huku betri zinashuka. Zilishuka siku tatu. Baadaye injinia wa kampuni alinionyesha mchoro kwenye kompyuta. Ni mstari unaoteremka taratibu, saa kwa saa, na kila saa kisanduku kilikuwa kimesema. Hata baada ya mnara kufa, ile laini ya akiba yenye antena iliyoinama ilipenyeza ujumbe mara nne, upepo ulipotulia. Umeme hakuna. Betri zimekwisha. Mlango umefungwa. Zote nne ziliingia kwa rangi ya kijivu.

Siku ya pili ya bonde kukosa mtandao, saa tisa mchana, nilikuwa hapa nyumbani. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba simu ilipolia nilikwenda chumba cha ndani ili nisikie. Alikuwa mzee Gidamis.

"Fundi."

"Ndiyo mzee, vipi?"

Sikumwamkia. Miaka yote ile, siku hiyo sikumwamkia.

"Mnara umekufa. Leo siku ya pili. Jenereta inaunguruma lakini ndani hakuna taa. Nimepanda huku juu nikupate."

Alikuwa amevuka korongo na kupanda saa mbili kwa miguu hadi kwenye mabega ya mlima, mahali ambapo mtandao wa huku kwetu unashika. Na jambo la kwanza nililomuuliza lilikuwa hili:

"Nani yuko kituoni?"

"Hakuna mtu. Nimefunga."

"Na mafuta?"

"Yapo."

"Mzee, rudi. Rudi sasa hivi. Wezi wakijua hakuna mtu watayanyonya yote, na mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Hapa juu kuna boma la ndugu yangu. Nilitaka nilale hapa, nishuke asubuhi. Miguu imechoka."

"Nakuomba urudi, mzee. Mimi kesho alfajiri niko hapo na fundi mwenzangu."

"Huko kwenu kuna mvua? Nasikia kelele."

"Ni kubwa," nikasema. "Maharage mwaka huu yatashiba."

"Haya fundi," akasema. "Nashuka."

Hayo ndiyo maneno yote. Nimeyarudia moyoni mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuyakosea.

Mwanangu, maji ya huku juu yanakwenda wapi? Hata mtoto wa darasa la pili hapa Tlawi anajua yanateremka bondeni. Mzee Gidamis alizaliwa pembeni ya korongo lile. Hakuniuliza habari za mvua kwa sababu ya mazungumzo. Alikuwa anapima safari yake, na mimi nikamjibu habari za maharage. Aliponiambia kuna boma la ndugu yake alikuwa ananiambia kwa heshima kwamba si vizuri kushuka. Mtu mzima wa umri ule hawezi kumbembeleza mtu wa umri wangu. Anasema mara moja. Nami nilimjibu kama mtu anayezungumza na kijana wake wa kazi.

Alfajiri niliondoka na kifaa kipya ndani ya pikapu. Nilifika kwenye korongo saa nne, maji bado ni mengi, ya rangi ya udongo, yamebeba matawi. Ng'ambo walisimama wanaume saba au wanane na mikuki na fimbo zao. Nikashusha kioo nikapaza sauti kuuliza kama mlinzi yuko mnarani. Mmoja akanyoosha fimbo, akaonyesha chini, maji yanakokwenda.

Walimpata siku ya tatu, mahali maji yanapotawanyika kwenye mbuga. Nilikuwapo. Mengine sitayaandika.

Mnara niliuwasha siku ile ile maji yalipopungua. Kazi yenyewe ilichukua chini ya saa moja. Simu za watu zikaanza kuita bonde zima, na wengi walikuwa wanapigiana kupeana habari za kifo chake.

Injinia alikuja kutoka makao makuu kuandika ripoti. Alikuwa mtu mwema, mchovu. Tulikaa kwenye mgahawa mmoja Mbulu mjini.

"Mlinzi aliondoka lindoni kwa ruhusa yako?"

"Hapana."

"Mliongea?"

"Alinipigia, ikakatika. Sikumsikia vizuri."

"Na hii ya matengenezo? Kituo kimekaa kijivu wiki sita."

"Niliwaambia waondoe," nikasema. "Niliwaambia kwa simu."

Akaandika. Nikasaini. Umeona jinsi ilivyo rahisi? Majibu matatu, na chai haijapoa. Kwa majibu hayo, mzee Gidamis akawa mlinzi aliyetoroka lindo na kufa kwa ujinga wake, na Rehema akawa dada aliyezembea kazini.

Rehema alinipigia baada ya siku chache. Hakutumia simu ya ofisi, alitumia ya kwake.

"Fundi, naomba ukumbuke vizuri. Uliniambia lini niondoe?"

"Siku nyingi, dada. Sikumbuki tarehe."

"Mimi ningeandika," akasema. "Kila unachoniambia naandika. Nimetafuta, sioni." Alikuwa hapandishi sauti. "Sikukuuliza uko wapi siku ile kwa sababu wewe ni fundi mkubwa. Niliona ni kukukosea adabu."

Nikasema mtandao unakatika. Mwezi ule ule aliachishwa kazi.

Ningependa kukuambia kwamba dhamiri ilinisimamisha mara moja. Haikunisimamisha. Nilikaa hivyo miezi minne. Nilikula, nilikwenda kanisani, nilikusaidia hesabu. Hatimaye nikaupeleka ule mlingoti bondeni. Nilichimba, nikausimamisha, nikafunga waya mpya, nikazungushia miiba ng'ombe wasijikune. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimemaliza. Laini ya akiba ikashika, haikuyumba tena. Nilikaa chini pembeni yake.

Ndipo akaja mke wa mzee, Mama Samo, na kibuyu cha maziwa. Ilikuwa desturi ya mume wake kuniletea, naye ameiendeleza. Nikamwamkia, nikanywa. Aliningoja nimalize.

"Watu wa kampuni wanasema mume wangu aliacha lindo," akasema. "Wewe uliongea naye?"

Na mimi, maziwa yake yakiwa bado mdomoni, nikasema, "Simu ilikatika, mama. Sikumsikia."

Akachukua kibuyu chake akaondoka. Hakugeuka nyuma. Nilijua kwamba anajua.

Tangu siku hiyo maziwa yananishinda. Mnadhani ni tumbo. Mama yako amenipikia uji wa kila aina.

Wiki ya pili nilirudi, safari hii na katekista wetu na mzee mmoja wa Kidatoga anayeheshimika pande zote mbili. Nilimpeleka mtamba wetu mweupe, yule mliyeambiwa ameuzwa. Wazee wa ukoo wakakaa, Mama Samo akakaa kando na mwanae Samo, aliyekuwa tayari ana mke na watoto. Nikasema yote kama nilivyokuandikia, kuanzia nyuma ya choo cha parokia mpaka maharage. Mzee yule alitafsiri. Alipofika mahali pa boma la ndugu yake, Samo aliinuka akatoka, akaenda kusimama na ng'ombe.

Mama Samo alimtazama mwanae kule kwenye ng'ombe. Kisha akaongea kwa Kiswahili, ili nisihitaji kutafsiriwa.

"Alipoondoka mchana ule aliniambia, 'Naenda kumwita fundi, watu hawana simu.' Hakuacha lindo."

"Hakuacha, mama."

"Ng'ombe tunao. Mrudishe huyo. Nenda ukaseme kule ulikoandika."

Nikaenda. Injinia alinisikiliza, akavua miwani. "Ukibadilisha haya hutabaki kazini," akasema, "na mlinzi hatafufuka." Nikamwambia najua yote mawili. Ripoti ilibadilishwa. Barua ikaenda kwa Mama Samo ikisema mume wake alikuwa kazini alipokufa. Nimeambiwa Samo anaitunza kwenye mkebe wa bati ingawa nyumbani kwao hakuna anayesoma. Mimi nikarudi Tlawi kulima vitunguu. Yule mtamba nilishindwa kumrudisha zizini nikitazamana naye kila siku, nikamwacha kwa katekista.

Lakini Rehema hatukumpata. Kampuni ilimwandikia, barua ikarudi. Namba yake nilipiga, akapokea mwanamume mwingine aliyenunua laini ile. Nimeuliza kwa watu waliokuwa naye kazini. Mmoja alisema amehamia Tabora, mwingine alisema hapana. Ya mzee Gidamis niliyasema kwa waliostahili kuyasikia. Ya Rehema bado ninayo. Kuna mahali mtu anachelewa, mwanangu, na akifika na ukweli wake mkononi hakuna wa kumpokea.

Kesho kutwa utakaa kwenye kiti kama alichokalia yeye. Sikuandikii ili nikufundishe kazi, umesoma kunizidi. Nakuambia tu upande ambao utakuwa huuoni. Upande wa pili wa simu kutakuwa na mtu kama mimi. Atakuwa na sauti ya kuzoea, atakuita mwanangu, atakuwa amefanya kazi kabla hujazaliwa. Atasema niko hapa hapa kituoni. Muulize. Muulize uko wapi, unaona nini mbele yako, nani yuko nawe. Atachukia. Mimi ningechukia. Ningekuja nyumbani nikawaambia kuna kabinti Dodoma hakana adabu. Na mzee Gidamis angekuwa hai, na mimi nisingewahi kujua kwamba kabinti hako ndiko kalikomwokoa.

Na ikitokea wewe ndiye uliyekosea, kwa sababu itatokea, sema siku ile ile, chai ikiwa ya moto. Sisemi kwamba haitakuuma. Nasema kwamba siku ya kwanza kosa langu lilikuwa kengele iliyozimwa. Miezi minne baadaye lilikuwa limekula uhai wa mmoja, kazi ya mwingine na majina ya wote wawili.

Mama yako anajua. Nilimwambia siku niliyotoka kwa injinia. Alilia, kisha akaniuliza kama nimekula. Yeye ndiye aliyesema usiambiwe mpaka ukue. Mimi ndiye niliyesema usiambiwe kamwe, na nimeshindwa.

Sasa giza limeingia na mmeanza kuniita. Nitaiweka barua hii ndani ya daftari lako la bluu, chini kabisa, ili usiikute kabla ya kufika. Kesho kwenye kituo cha basi nitakushika mkono kama kawaida, na utaondoka ukinifikiria kama ulivyonifikiria siku zote. Nimejiibia siku hiyo moja. Niliitaka.

Ukishasoma, usijilazimishe kunipigia. Ukiwa na hasira, kaa nayo hata mwezi, hata zaidi. Mpigie mama yako, nami nitasikia kwake kwamba u mzima. Simu yangu nitakuwa nayo shambani na nitakuwa nayo kitandani. Siku utakapopiga, usianze kwa kunifariji. Anza kwa kuniuliza lolote unalotaka, nami nitakujibu lilivyo.

Ni mimi baba yako, niliyekukosea kwa kukaa kimya,

Tluway